Mama Gundi na Jemadari Aliyesema Baada ya Kuzikwa

Ijumaa, tarehe 29 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Gundi atafunga mlango wa chumba cha matengenezo ya vitabu, kile cha chini nyuma ya ngazi, na ufunguo ataukabidhi mapokezi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja kwenye maktaba ya chuo chetu. Hesabu hiyo kaipiga mwenyewe. Ofisi ya utumishi iliandika miaka thelathini na mitatu, akapanda ngazi kwenda kuwasahihisha, maana mwaka mmoja kwake ni vitabu zaidi ya mia mbili vilivyoshonwa kwa mkono, na hakuwa tayari kuviacha vipotee hivi hivi.

Wafanyakazi wapya wanadhani Mama Gundi ni cheo. Hapana. Ni jina alilopewa na binti yake wa pekee, ambaye siku ya kwanza ya chekechea aliulizwa mama yako anaitwa nani, akajibu bila kusita, Mama Gundi, kwa sababu kila akimshika mkono anakuta gundi imemkaukia kwenye vidole. Mwalimu akaliandika hivyo hivyo kwenye daftari la mahudhurio. Binti huyo sasa ni nesi, ana watoto wawili, na jina halijabanduka.

Alifika hapa ana miaka ishirini na sita, akitokea kwa fundi cherehani alikokuwa akishona sare za shule. Tangazo la kazi lilisema anatakiwa mtu mwenye mkono mwepesi wa sindano, na yeye hakujua kama vitabu hushonwa. Alidhani ni mapazia. Akaja kwenye usaili na futi shingoni, akaanza kupima madirisha. Waliomhoji walicheka, lakini mmoja wao akampa karatasi zilizokunjwa na uzi, akamwambia haya, zishikanishe hizi. Akazishikanisha. Kesho yake akaanza kazi.

Mengine mengi wakubwa wenu wanayakumbuka. Mwaka ambao paa lilivuja juu ya rafu za sheria, ni yeye aliyefunga kamba za kuanikia nguo korido nzima na kukausha vitabu mia sita, karatasi kwa karatasi, chuo kizima kikapita kimeinama kwa wiki tatu. Ni yeye aliyetufundisha kupika gundi ya unga isiyoliwa na mende. Ni yeye pia aliyemrudishia profesa mmoja kitabu chake kikiwa kimeshonwa vizuri, na ndani kikaratasi: mchuzi si alama ya ukurasa.

Lakini ukitaka kumwelewa Mama Gundi lazima uelewe Kilatini chake, na hapo inabidi niende taratibu kidogo, maana nikianza kukieleza huwa nakimbia.

Mwaka wake wa tatu kazini lililetwa boksi kutoka stoo. Ndani mlikuwa na utenzi mrefu wa Kilatini cha kale, karatasi mia mbili na nane za vita, safari za majini na miungu wanaogombana kama majirani. Mchwa walikuwa wamekula jalada, ukurasa wa jina, na ukingo wote wa nje pamoja na namba za kurasa. Karatasi zilikuwa zimechanganyika kama karata. Mkuu wa wakati ule alisema funga kamba, rudisha stoo, Kilatini chenyewe kinafutwa chuoni. Mwalimu wa mwisho wa somo hilo, mzee aliyeitwa Mwalimu Koti kwa kuwa alivaa koti hata jua likiwaka, alikuwa anaondoka mwisho wa muhula. Mama Gundi akampelekea boksi, akamwomba ampangie.

Mwalimu Koti akasoma karatasi tatu, akavua miwani. "Binti, hii ni kazi ya miaka. Mimi nimebakiza wiki sita."

"Basi nifundishe mimi kwa wiki sita," akasema Mama Gundi.

Ikawa hivyo. Kila mchana, wenzake wakienda kula, yeye alikaa mbele ya mzee. Mwalimu Koti alipoondoka alimwachia kitabu cha sarufi na kamusi isiyokuwa na kurasa za mwanzo, kwa hiyo kwa miaka yote ya kazi ile kila neno la mwanzo wa alfabeti Mama Gundi alilikisia kwa kuangalia maneno yaliyolizunguka. Hakuwa na mwalimu mwingine tena. Nasema hili kwa wale wanaodhani ili ujue kitu lazima kwanza uandikishwe mahali.

Nieleze kidogo ugumu wenyewe, kama alivyotueleza yeye. Mashairi tuliyoyazoea yana vina, sikio linajua linapokwenda. Utenzi ule hauna kina hata kimoja. Unakwenda kwa uzito: silabi nzito, silabi nyepesi, hatua sita kila mstari, na Mama Gundi alizigonga mezani kwa ule mfupa wake wa kukunjia karatasi. Mlinzi wa geti alipousikia mara ya kwanza alisema huu unatembea kama mtu aliyebeba gunia, na hakuna mtaalamu aliyewahi kuniambia vizuri zaidi. Kisha maneno yenyewe hayakai kwa mpangilio wetu. Sifa iko hapa, mwenye sifa yuko mbali kule, na kitendo kinakusubiri mwisho wa mstari au mstari wa pili. Inabidi ulishike neno mkononi, utembee nalo, mpaka umkute mwenzake. Mama Gundi alisema ni kazi ile ile ya boksi. Karatasi imetengana na wenzake, wewe tafuta inapokaa.

Basi akazitandaza karatasi juu ya meza nne, madirisha yamefungwa, na kwenye kila moja akaweka kikaratasi cha penseli. Huyu amekasirika. Meli zinaungua. Mvua. Mama analia, sijui kwa nini. Mwaka wa pili wa kazi hiyo karani mmoja mgeni akaingia, akaona joto, akawasha feni. Kazi ya miezi minne ikapaa. Mama Gundi hakumgombeza. Alizima feni, akapiga magoti, akaanza kuokota. Karani yule leo ndiye Mkuu wetu wa maktaba, na mtakuwa mmeona kuwa ofisini kwake hakuna feni.

Sasa nafika pagumu.

Mwaka wake wa saba kazini, mumewe, fundi bomba, alipata kiharusi akiwa anafunga viatu. Alilala hospitali siku tatu. Macho yalikuwa yanaona, mkono mmoja ulikuwa unashika, lakini sauti haikutoka. Mama Gundi alikaa pembeni siku zote tatu akimsemesha. Alimweleza habari za mtoto, za nyumba, za boksi la karatasi. Mume alifungua mdomo mara nyingi. Siku ya tatu jioni akafariki, bila kusema kitu. Binti yao alikuwa na miaka minne.

Mama Gundi alirudi kazini baada ya wiki mbili. Zilizobaki kupangwa zilikuwa karatasi zinazomhusu jemadari mmoja mzee, aliyepigwa mkuki kivukoni. Fungu moja la karatasi nane lilikuwa bado limeshikana kwa uzi wake wa zamani, na ndani yake jemadari anatoa maneno ya kuaga. Anawaambia askari wake wasigombee ngao yake. Anaomba mtu atumwe kwa mkewe, akamwambie asiliuze shamba la juu, na asiwalee watoto kwa hasira. Fungu hilo lilianza na sentensi mpya na kuisha na sentensi iliyotimia, kwa hiyo liliweza kukaa mahali pawili. Linaweza kukaa kabla ya karatasi ambazo askari wanamzunguka, wanamsemesha mmoja mmoja, anafariki, anazikwa. Linaweza pia kukaa baada ya karatasi hizo, na hapo anayesema ni mzimu, jambo la kawaida kabisa kwenye tenzi za aina ile.

Mama Gundi alilikalisha baada. Askari wanamsemesha mtu asiyejibu, anakufa, wanamzika, kisha anarudi na kusema yote. Akashona. Mwaka wa tisa kazi ikaisha, kitabu kikawekwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni, na kila mgeni wa heshima akawa anaonyeshwa.

Tangu hapo lilianza Kundi la Saa Saba. Kila siku ya kazi, saa saba mchana, anayetaka anateremka, kitabu kinatolewa kwenye kioo, na Mama Gundi anasoma. Mstari unasomwa kwa Kilatini, unagongwa, unachambuliwa, unasomwa tena, na hakuna kuendelea mpaka wa mwisho wetu aelewe. Tafsiri ilikuwa marufuku. Kompyuta zilipoletwa, kijana wa kompyuta alijitolea kuupata utenzi mzima pamoja na maana yake kwa dakika mbili. Mama Gundi akamuuliza, "Baba, ukisimuliwa harusi utasema umeshiba?" Tumeumaliza utenzi mara mbili kwa mwendo huo, na hii ni ya tatu. Mlinzi wa geti, ambaye yuko kwenye kundi mwaka wa kumi na tisa, anayajua maneno ya jemadari kwa moyo na huwaghania wanafunzi wanaochelewa. Wanadhani anawalaani.

Sehemu ya mzimu ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Na nyumbani kwa Mama Gundi, binti alikua nayo. Kila akiwa na mtihani, akiumwa, akiolewa, mama alimwambia: hivi ndivyo angesema baba yako.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuwa anatufundisha sisi tunaobaki namna ya kukagua kitabu cha zamani kwa kioo cha kukuzia na taa. Alichukua kitabu kile kile cha utenzi, kwa kuwa anakijua. Karibu na mshono, kwenye mstari mmoja na matundu ya sindano, kuna kitundu kidogo ambacho miaka yote alikihesabu kuwa cha sindano ya fundi wa zamani. Nani mwingine angekosea hivyo? Mtu asiyeshona angeona tundu tu. Chini ya kioo kikaonekana hakina kingo za sindano. Ni cha mdudu wa vitabu. Mdudu huyo huingia akiwa mdogo, anakula, ananenepa, na tundu lake linapanuka kadiri anavyosonga mbele. Mama Gundi akaanza kufungua karatasi akimfuata. Mdudu ananenepa, ananenepa, jemadari anachomwa mkuki, mdudu ananenepa, jemadari anazikwa. Halafu kwenye karatasi nane za mzimu mdudu amekonda ghafla. Baada ya hizo nane, mnene tena.

Mdudu hakondi akiwa ndani ya chakula. Fungu lile halikuwa pale mdudu alipopita. Lilikuwa mapema zaidi, kabla ya kifo.

Mama Gundi akazima taa. Akasema somo limeisha kwa leo. Kwa wiki nzima kitabu kilikaa kwenye droo yake, na Kundi la Saa Saba likaambiwa anaumwa mafua.

Binti yake ameniruhusu niandike kinachofuata. Alipigiwa simu, akaja kazini kwa mama yake na sare yake ya unesi, akakaa kwenye kigoda cha kubania vitabu. Mama akamweleza habari ya mdudu kuanzia mwanzo. Binti akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo yule mzee alisema akiwa hai?"

"Akiwa hai. Na wenzake wakamjibu. Mimi nikaona wanamsemesha mtu aliyenyamaza."

"Na baba?"

"Baba yako hakusema kitu, mwanangu."

Binti akamwambia mama yake, "Mimi nilishajua, mama. Nipo wodini mwaka wa nane sasa. Najua mtu akiwa vile hasemi. Nilikuwa nakuachia wewe."

Kesho yake Mama Gundi akapanda kwa Mkuu kuomba ruhusa ya kukikata kitabu. Mkuu akakataa, na tusimlaumu. Ili kulihamisha fungu moja ilibidi kukata uzi wa mafungu mengi, na karatasi ile sasa inavunjika kama ganda la kitunguu. Ingeweza kuharibika isirudi tena.

"Mama, umebakiza miezi mitatu," akamwambia. "Kimekaa hivyo robo karne. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na yule mdudu anajua."

Mkuu akacheka, lakini ruhusa hakutoa. Wiki tatu zikapita hivyo, na sisi tunahesabu siku, kwa sababu hakuna mwingine hapa anayeweza kuisoma kazi ile na pia kuishona. Akiondoka, kosa linabaki limefungwa kwenye kioo na jina lake chini. Mama Gundi akaandika tangazo kwa mwandiko wake mzuri, akalibandika juu ya kabati: Kitabu hiki nimekishona vibaya. Jemadari hakuwa mzimu. Naomba radhi kwa wote niliowasomea. Akatia sahihi. Saa mbili asubuhi tangazo lilikuwa juu, na saa nne Mkuu alikuwa ametoa ruhusa, akasimama mwenyewe kuhakikisha hakuna anayefungua dirisha.

Kazi ilichukua siku tisa. Alikata uzi kwa wembe mwembamba, tundu kwa tundu, akawa anaacha mvuke wa birika upite mbali kidogo ili karatasi ilegee bila kulowa. Karatasi moja ya fungu la mazishi ilipasuka kona, akaishikiza kwa kipande cha karatasi laini, akaendelea. Siku ya tisa alivuta uzi wa mwisho, akafunga fundo. Kijana wa kompyuta hatimaye aliruhusiwa kulinganisha na utenzi wa mtandaoni. Karatasi zote mia mbili na nane zilikuwa mahali pake. Kwa mwalimu wa wiki sita na kamusi isiyo na mwanzo, miaka ile yote alikosea fungu moja tu, lile lililogusa kidonda.

Jumatatu iliyofuata chumba kilijaa hadi kwenye ngazi. Binti yake alikuwepo. Mama Gundi alisoma kwa mpangilio mpya, mfupa unagonga meza. Jemadari akachomwa mkuki. Akasema maneno yake akiwa bado anapumua, ngao, mke, shamba la juu. Na mara baada ya neno lake la mwisho askari wakaanza kumjibu, mmoja mmoja, kila mmoja kwa jambo alilotajiwa. Huyu anaahidi ngao, yule anaahidi safari kwa mkewe. Tulikuwa tumeisoma mistari ile mara mbili tukidhani wanabwabwaja kwa uchungu. Mlinzi wa geti akasema taratibu, "Kumbe walikuwa wanamjibu."

Kisha jemadari akafa. Akazikwa. Tukafungua karatasi inayofuata tukimsubiri, kwa mazoea, na hapakuwa na mtu. Palikuwa na upepo, na watu wanapakia meli. Mama Gundi akagonga hatua ya kwanza ya mstari, akaendelea kusoma.

Alipofunga kitabu alituambia maneno machache, na ninayaandika kama nilivyoyasikia. Alisema miaka ishirini na mitano alikuwa akimsomea mume wake, akidhani anamsoma jemadari. Alisema mtu ukijifunza lugha ya wengine kwa shida ile yote, halafu ukawalazimisha waseme la kwako, umebaki pale pale nyumbani. Akasema samahani kwa jemadari. Akatushukuru, akaenda kunawa mikono.

Mama Gundi, maktaba hii inakushukuru kwa kila kitabu kinachofunguka leo bila kuachia. Sisi wa chumba cha chini tunakushukuru kwa kutuonyesha kuwa mtu anaweza kukata kazi yake mwenyewe mbele ya watu. Mkuu amekuuliza unataka zawadi gani ya kuagwa, ukasema hutaki kitu, unataka kuwa msomaji. Jana ulipanda mapokezi ukajaza fomu ya kuomba kitabu, kama mwanafunzi yeyote, kuanzia Jumatatu baada ya kustaafu. Dada wa mapokezi ametuonyesha. Umeomba utenzi ule ule, kuanzia karatasi ya kwanza. Penye sababu ya kuomba, umeandika: Sijausoma.

Basi usome, mama yetu, kwa utulivu na macho mazima. Mungu akupe miaka mingi ya afya, na saa saba ukitukuta mezani, karibu ukae upande huu wetu usikilize.